Pango Lenye Wenyewe

Tarehe 28 Aprili 1819 ofisa mmoja kijana wa jeshi la Waingereza huko India, jina lake John Smith, alikuwa akiwinda chui milia kwenye bonde la mto Waghur. Akainua macho kwenye genge la ng'ambo, akaona kitu kama mlango. Alipoingia alikuta ukumbi mrefu wenye nguzo za mawe na kuta zilizojaa picha za watu. Leo ukumbi ule unaitwa pango namba 10 la Ajanta, moja kati ya mapango kama 30 ambayo watawa wa Kibudha na matajiri waliowafadhili waliyachonga mwambani, mengine karne ya pili kabla ya Kristo, mengine karne ya tano baada yake. Smith alifanya nini? Alichukua kitu chenye ncha akakwaruza jina lake na tarehe juu ya mmoja wa watukufu waliochorwa pale. Jina lipo mpaka leo. Liko juu kuliko kimo cha mtu, kwa sababu siku ile sakafu ilikuwa imejaa vifusi na bwana mkubwa alisimama juu yake.

Kisa hiki nilikuwa nakisoma kwenye simu, nyumbani Nkuhungu, jioni moja ya Novemba yenye joto lile ambalo wakazi wa Dodoma mnalijua, vumbi limetulia, mawingu yanakuja yanaondoka kama mgeni asiyetaka kukaa. Baba mkwe wangu alikuwa kwenye mkeka barazani. Ni Mrangi, amezaliwa kijiji kisicho mbali na Kolo, na anaishi nasi tangu alipoanza kutibiwa macho mjini. Nikamwonyesha picha za Ajanta, nikizikuza kwa vidole ili azione. Akaziangalia sana.

"Hawa walikuwa wanaomba nini?" akaniuliza.

Nikamweleza nilivyoweza: kwamba Wabudha wanasema mateso ya binadamu yanatokana na kutamani, na mtawa anakaa kimya apunguze kutamani.

"Hawaombi mvua?"

"Hapana, Baba. Sidhani."

"Basi walikuwa nayo."

Nilicheka, lakini baadaye nilipoendelea kusoma nikakuta mzee kagonga ndipo. Watawa wa Kibudha kwa desturi yao hutangatanga, wakiomba chakula kijiji hadi kijiji, isipokuwa miezi ya masika. Masika ya India ni mvua kwelikweli, njia hazipitiki, na mtawa akitembea anakanyaga wadudu na miche. Ndiyo maana wanatulia mahali pamoja. Makao kama ya Ajanta yalitokana na desturi hiyo: mahali pa kungojea mvua iishe. Sisi huku nyanda za kati tuna mapango ya kuingoja ianze.

Nimeishi Dodoma miaka mingi na muda wote huo watu wamekuwa wakiniuliza kama nimeshafika Kolo, hasa wageni. Wenyeji hawaulizi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko umbali wa kama saa tatu kutoka hapa kwa barabara ya lami, na jirani zangu wengi wa Nkuhungu wanajua zaidi kuhusu Dubai. Siwalaumu. Mtu anayeamka saa kumi usiku kukinga maji ya mgao hana hamu ya kwenda kuangalia twiga wa kuchora. Mimi pia nisingekwenda mwezi ule kama si suala la mbuzi.

Suala lenyewe ni hili. Ndugu za baba mkwe walioko kijijini walipiga simu. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa mbaya, na wazee walikuwa wanapanga kwenda Mongomi kufanya tambiko kabla ya msimu. Kila ukoo utoe chake. Sehemu ya baba mkwe ilikuwa mchango wa mbuzi. Yeye hana kipato, kwa hiyo mchango ulimwangukia mwanawe mkubwa, ambaye ni mume wangu, mtu wa swala tano, asiyekunywa hata soda nyeusi. Mume wangu alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema tu, "Baba, hiyo ni shirki, na wewe unajua." Mzee hakubisha. Alinyamaza siku nne. Mwenye kuishi na mzee aliyenyamaza anajua kuwa ni heri afoke.

Siku ya tano akaniambia anataka kwenda Kolo, kutembea tu. "Wewe si unapenda mapango?" Nikajua nimeshatumiwa. Shemeji yangu ana pikapu, tukapanga Jumamosi.

Tulitoka alfajiri. Tukaipita Msalato, tukaipita Makutupora kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma nzima, tukaingia Mayamaya. Barabara hii ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Kabla yake safari ya Kondoa wakati wa mvua ilikuwa ya kuaga kwanza. Mibuyu ilikuwa haijatoa majani. Chemba tulikunywa chai na chapati. Mzee alikaa mbele muda wote, akitaja mito tunayoivuka, yote mikavu, kama mtu anayeita majina ya wanafunzi darasani na hakuna anayeitika.

Baada ya Kondoa mjini nchi inainuka na udongo unakuwa mwekundu. Hapo unaona makorongo, mengine yana kina cha kutosha kufukia nyumba. Mzee akaanza kuongea. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu milima hii ya Irangi ilikuwa inamomonyoka vibaya mno. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Yote: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Baba yake alikuwa na ng'ombe ambao mzee bado anawakumbuka kwa rangi zao. Wakapelekwa nyanda za chini kwa jamaa, na kama ilivyo kawaida ya mali iliyo kwa jamaa, hawakurudi wote.

"Lakini miti ilirudi," akasema. Akaonyesha mteremko kwa mkono. Kweli imerudi, yaani wataalamu wa mazingira wanautaja mradi ule mpaka leo kwa namna uoto ulivyorejea. Sikujua nimwonee huruma au nimkubalie. Alikuwa anasema mambo mawili kwa pumzi moja na yote ni kweli.

Kolo ni kijiji kando ya barabara kuu, kama kilomita 20 kaskazini ya Kondoa mjini. Kuna ofisi, na chumba kidogo cha maonyesho. Unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza. Aliyetupokea alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na kabla hatujafika kwenye risiti yeye na baba mkwe walikuwa wameshatafutana ukoo mpaka wakakutana kwa bibi wa tatu. Kuanzia hapo kijana akawa anamwita babu, na mimi nikawa mtalii peke yangu kwenye msafara.

Eneo lote la michoro lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, kwenye miinuko inayopakana na Bonde la Ufa, upande unaotazama nyika ya Wamasai. Mapango yaliyorekodiwa ni zaidi ya 150. Nasema mapango kwa mazoea, maana ukifikiria shimo lenye giza utakosea. Mengi ni miamba mikubwa iliyoegemea mbele kama mtu anayeinamia moto, chini yake kuna kivuli na ukuta mkavu. Mvua haifiki, jua halifiki sana. Ajanta walichonga mlima kwa patasi vizazi na vizazi kupata ukuta wa namna hiyo. Hapa ukuta ulikuwepo.

Kufika Mongomi unatoka barabarani kuelekea mashariki kama kilomita tisa, unavuka mto wa mchanga, kisha unaacha gari na kupanda. Ni mwinuko wa kukata pumzi. Mzee wa miaka yake, na macho yale, alipanda akiwa ameshika mkono wa kijana, na sikumsikia akilalamika hata mara moja. Mimi ndiye niliyesimama mara tatu kujifanya naangalia mandhari.

Sasa niseme nilichokiona, maana ndicho kilichonileta.

Kwanza huoni kitu. Ni mwamba tu wa rangi ya majivu na madoa ya kutu. Kijana akasema, "Subiri macho yazoee," akasogea pembeni. Kisha doa moja la kutu likawa mguu. Mguu ukapata mwili, mrefu na mwembamba, mwembamba kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi, na kichwa kikubwa kama kimefunikwa na nywele nyingi au kofia ya manyoya. Kisha mwingine pembeni yake. Kisha tembo, kwa mstari mwembamba kama wa kalamu. Pofu. Twiga. Baada ya dakika kumi ukuta mzima unatembea, picha juu ya picha, aliyekuja nyuma hakujali aliyetangulia, au alijali sana ndiyo maana alichora palepale. Rangi ni nyekundu ya udongo wenye chuma. Wapo wanaodhani ilichanganywa na mafuta ya wanyama. Mistari mingine ni myembamba kiasi kwamba najiuliza ni unyoya gani au kijiti gani kilichowekwa mkononi, na mkono huo ulikuwa umetulia namna gani.

Kuna mahali watu watano wamesimama safu moja. Wa katikati anaonekana kama anavutwa mikono, wawili huku na wawili huku, na wale wa upande mmoja vichwa vyao si vya kawaida, kama wamevaa vinyago. Mary Leakey, aliyekuja kufanya kazi hapa mwaka 1951 na mumewe Louis, akinakili kwa mkono picha kama 1,600, aliona hapo mwanamke anatekwa. Mtafiti wa Afrika Kusini, David Lewis-Williams, alipoiangalia picha hiyohiyo aliona watu waliopandwa na nguvu katika ngoma ya uganga, mmoja akishikiliwa na wenzake asianguke. Dai la pili lina mashiko huku kwetu kwa sababu Wasandawe, majirani wa Warangi upande wa magharibi, wana ngoma iitwayo simbo ambamo mchezaji huwa simba. Wasandawe wanazungumza lugha ya vidoko, na watafiti wengi wanawaona wao, au watu wa jamii yao, kuwa kizazi cha waliochora picha nyekundu. Mtaalamu mmoja aliyeishi nao miaka ya 1960, Eric ten Raa, aliandika kwamba uchoraji ulikuwa bado ni jambo la kumbukumbu hai kwao.

Mimi nilisimama pale nikijaribu kuamua: mwanamke anatekwa au mganga anashikiliwa? Nikamwita mzee aje aone. Hakuja.

Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mwamba, hatua kama ishirini kutoka ukutani, upande wa chini ambako kuna ufa unaoingia ndani ya mlima. Makubazi yake alikuwa ameyavua, ameyaweka sambamba kando yake. Hakuna bango linalosema vua viatu. Kijana naye, niligundua, hakumwambia lolote. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama watu wanavyosimama mlangoni kwa mwenye msiba.

Dambulla, kule Sri Lanka, nako kuna mapango yenye picha na sanamu za Budha kwa mamia, nayo yako kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1991. Pale kila mtu anavua viatu, mtalii na mwenye imani, kwa sababu hekalu linatumika. Watu wanaleta maua. Ajanta iliingizwa kwenye orodha mapema zaidi, 1983, lakini watawa wake walishaondoka karne nyingi kabla ya Smith na kisu chake, na anayeingia leo anakuja kutazama. Sasa Kolo ni ipi kati ya hizo? Vitabu vinaiweka pamoja na Ajanta: sanaa ya kale, wenyewe hawapo. Hata jina la kitabu cha Mary Leakey, ambacho kwa bahati kilitoka mwaka huohuo wa 1983, linazungumzia sanaa ya Afrika inayotoweka. Lakini Leakey huyohuyo alieleza kwamba kabla ya kuanza kunakili walitakiwa kutoa mbuzi wa tambiko kwa ajili ya roho ya mahali pale. Wakatoa. Jambo hilo husimuliwa kama kichekesho cha safarini. Mimi nadhani ndiyo habari kubwa kuliko zote: mwaka 1951 mwanasayansi mkubwa anapiga hodi, na kuna mtu wa kumwitikia.

Tukaushukie ukuta wenyewe sasa, upande usiopendeza. Majina yapo. Yamekwaruzwa kwa jiwe na mengine yameandikwa kwa mkaa: majina ya vijana, tarehe, moyo uliochomwa mshale. John Smith ana ndugu wengi. Chini, ardhini, kuna mashimo. Kijana alisema ni ya watu wanaotafuta mali ambayo eti Wajerumani waliizika wakikimbia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanakuja usiku. Wanachimba mita moja, mbili, hawapati kitu, wanahama hatua tatu, wanachimba tena. Na wakichimba wanavuruga tabaka za udongo ambamo ndimo kuna mali yenyewe. Kisese, kwenye eneo hilihili, udongo wa chini ya mwamba umetoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, za kale zaidi zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mtu alikaa kivulini akatoboa ganda la yai, akalisugua likawa duara, akavaa. Ukiniuliza dhahabu ni ipi, nitakwambia ni hiyo, lakini huwezi kuiuza Kariakoo.

Halafu kuna pombe. Wazee wakifanya tambiko hunyunyiza pombe ya mtama kwa mdomo au kwa kibuyu, na mara nyingine inafika ukutani. Wahifadhi wanalalamika, na wana haki. Pombe na mafuta ya kafara si rafiki wa rangi iliyodumu miaka elfu kadhaa. Nilipomuuliza kijana anasimamia wapi, alitabasamu akajibu kama mtumishi: "Tunawaelimisha watumie upande wa chini, mbali na michoro." Kisha akaongeza kwa sauti nyingine, "Lakini na mimi ni wa hapahapa, dada."

Sheria inasemaje? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya 1964. Ina mpaka mmoja wa ajabu: kwa kanuni kinacholindwa ni kile kilichofanywa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, labda waziri atamke vinginevyo. Kwa nini 1863, sijapata mtu wa kunieleza akanikinaisha. Ni sheria ya vitu. Inamjua aliyechora pofu. Haimjui anayekuja Novemba na kibuyu. Mtafiti wa Kitanzania, Emmanuel Bwasiri, ameandika kuhusu upungufu huu akitumia Mongomi hiihii kama mfano. Na cha kuchekesha, ukisoma vigezo vilivyotumika mwaka 2006 kuiingiza Kondoa kwenye orodha ya dunia, kimojawapo ni kwamba mahali hapa bado panaishi katika mila za watu. Kwa hiyo tambiko limetusaidia kupata cheti cha UNESCO, na cheti kikishapatikana tambiko linaambiwa lisogee kando kidogo, linachafua.

Nasema hivyo nikijua upande wa pili. Mimi nataka yule pofu abaki. Nataka wajukuu wa wajukuu wamwone, na pombe ikimfuta hakuna tambiko la kumrudisha. Wahenga hawa walioanza kuomba mvua hapa, wakulima waliokuja na mtama wao na mbuzi wao, si wao waliochora picha nyekundu, waliikuta. Wakaja na zao, nyeupe, za udongo mweupe uliopakwa kwa kidole, mnene, wa haraka, mara nyingi juu ya zile nyekundu. Watalii wanazidharau nyeupe. Vitabu navyo vinazipitia haraka. Lakini ndizo za watu ambao wajukuu zao wapo, wana simu, na wanapiga kuomba mchango wa mbuzi.

Nilimwendea mzee. Nikakaa chini, nami nikavua viatu, kwa adabu tu ya kukaa karibu na mtu aliyevua.

"Baba, hutaki kuona picha?"

"Nilishaziona nikiwa mtoto. Tulikuwa tunachunga huku, kabla ya ile amri."

"Walikwambia ni za nani?"

"Za watu wa zamani. Wafupi, wengine wanasema." Akanyamaza. "Picha si zetu, mama. Mahali ndiyo petu."

Nikamuuliza kama anaamini kweli mvua itatoka humo ndani. Swali la kijinga, najua, lakini tulikuwa tumeshazoeana. Akajibu kwamba yeye anaswali na anafunga, na Mungu ni mmoja, na mvua ni yake. "Lakini nikija kwako nyumbani si napiga hodi kwa mwenye nyumba, hata kama kiwanja ni cha serikali?"

Nimeifikiria hoja hiyo mara nyingi tangu siku ile. Nilitaka kumwambia mume wangu, na nilipomwambia alisema kuwa ndiyo hoja ya washirikina wote duniani, kwamba kuna mlinzi mlangoni. Yeye si mtu mjinga na simtanii. Aliniuliza pia kitu ambacho sikuwa na jibu lake: mbona ninyi wasomi mnapenda mila za wazee mkiwa mnaziangalia tu, mngeombwa kuchinja wenyewe mngechinja? Mwaka 2001 duniani tuliangalia masanamu makubwa ya Budha ya Bamiyan, Afghanistan, yaliyosimama mwambani kama miaka 1,400, yakilipuliwa kwa baruti na watu waliosema wanaiondoa shirki. Mume wangu alikuwa kijana wakati ule. Anasema alilia, na kwamba kukataa kutoa mbuzi si sawa na kubomoa jiwe la mtu. Namwamini. Warangi wengi ni Waislamu tangu vizazi vya nyuma, na Mongomi imebaki imesimama katikati yao bila mtu kuiwekea baruti. Watu wa Kondoa wamejua kuishi na hilo pango kwa kutolizungumzia sana, jambo ambalo mimi sasa naliharibu kwa kuandika.

Tulishuka jua likiwa kali. Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyopanda. Kule ofisini kijana akatuletea daftari la wageni, ambalo tulikuwa hatujalijaza asubuhi kwa sababu ya mambo ya ukoo. Kurasa zina safu: jina, nchi, idadi, madhumuni. Juu yetu kulikuwa na Wajerumani, Mfaransa, kikundi cha wanafunzi kutoka Dodoma. Kwenye madhumuni wote: utalii, utalii, masomo, utalii. Nikaandika langu. Mzee hawezi tena kuona mistari, akaniomba nimwandikie.

"Madhumuni niweke nini, Baba?"

"Weka kusalimia."

Kijana akasema inafaa.

Tulirudi Nkuhungu magharibi inaingia, tumejaa vumbi jekundu ambalo halifanani na vumbi letu. Mume wangu alikuwa amepika, jambo la nadra, na aliuliza barabara ikoje. Mzee alisema barabara nzuri. Wakala pamoja bila maneno mengi. Wiki iliyofuata mume wangu alimtumia baba yake mdogo kule kijijini pesa kwa simu, akaniambia ni ya nauli, maana kuna siku alikuja mjini kumwona mgonjwa na hakurudishiwa. Nauli ya Kondoa inajulikana. Ile ilikuwa mara kumi yake.